Umembandua Puma, Ukavaa Anta: Umesusia Nini?

Soma hii mpaka mwisho kabla hujapiga laiki, maana katikati kuna mahali utanikasirikia.

Unakumbuka mwisho wa mwaka 2023? Gaza ilipokuwa inawaka, kuna vijana hapa kwetu waliochukua wembe wakambandua yule paka anayeruka kwenye jezi zao. Aliyekosa wembe alibandika plasta. Mchezaji akiingia uwanjani na kipande cheupe kifuani, kila mtu alijua maana yake. Tangu 2018 Puma ilikuwa inadhamini chama cha soka cha Israel, na kwenye ligi za chama hicho zilikuwemo klabu za makaazi ya walowezi, yaliyojengwa juu ya ardhi ya Wapalestina. Watu walisusia dunia nzima. Mkataba ule uliisha 2024 na haukufanywa upya. Puma ikasema ilikuwa imeshaamua zamani kwa sababu za kibiashara. Sawa, waseme wanavyotaka. Sisi tunajua kelele tulizopiga.

Sasa timu zikitafuta jezi, maneno yamebadilika. "Tuachane na hawa Wazungu. Tuchukue za Mchina, Mchina hana ubaya na sisi." Picha zinazunguka kwenye grupu za WhatsApp: Anta, Li-Ning, Xtep, 361°. Raba kali, bei nafuu, na juu yake unaongezewa dhamiri safi bure.

Hapo kwenye dhamiri safi ndipo ninapokushika mkono. Ngoja kwanza.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi tuulize vimeundwa wapi, na nani, na kwa hali gani.

Kampuni hizi si za juzi. Li-Ning ilianzishwa 1990 na Li Ning mwenyewe, mwanasarakasi wa viungo aliyepata dhahabu tatu kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, na ndiye aliyewasha mwenge wa Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Anta ilianza 1991 huko Jinjiang, mkoa wa Fujian, eneo la viwanda vya viatu ambako pia wametoka Xtep na 361°. Kwa miaka mingi watu wa Jinjiang walishona viatu, jina likabandikwa la mwingine. Halafu wakaamua kubandika lao. Mwaka 2009 Anta ikachukua biashara ya Fila ndani ya China. Mwaka 2019 ikaongoza kundi lililoinunua Amer Sports, wenye Salomon, Arc'teryx na Wilson. Kufikia 2022, mauzo ya kundi la Anta yalikuwa yameyapita ya Nike ndani ya China. Mwaka 2024 mauzo yake yalizidi yuan bilioni 70.

Na wanatoka nje sasa. Kyrie Irving, mchezaji wa mpira wa kikapu ambaye ni Muislamu kama wewe, yuko na Anta tangu 2023 na ana kiatu chenye jina lake. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikimbia London Marathon ya 2024 na Anta mguuni, akiwa na miaka 41, akashika nafasi ya pili. Kisha Januari 2026 Anta ikatangaza kwamba imekubaliana kununua asilimia 29 ya hisa za Puma kwa euro bilioni 1.5. Hiyo inaifanya kuwa mwenye fungu kubwa kuliko yeyote.

Rudia kusoma hapo. Puma. Yule paka uliyembandua kwa wembe. Ulimkimbia ukaingia nyumba ya jirani, kumbe jirani ndiye anayemnunua.

Mimi sina kinyongo na mtu aliyeanza na cherehani akaishia kununua kampuni za Ulaya. Hilo peke yake si kosa, na pengine ni jambo la kujifunza. Ugomvi wangu ni mmoja tu, na ni wa kitu ambacho sisi watu wa Bura tunakijua kwa mikono yetu. Pamba.

Karibu asilimia 90 ya pamba yote ya China inatoka jimbo moja, Xinjiang, upande wa magharibi kabisa. Jimbo hilo peke yake linatoa takribani moja ya tano ya pamba ya dunia. Na Xinjiang ni nyumbani kwa Wauyghur, Waislamu, pamoja na Wakazakh na wengine wa dini hiyo hiyo.

Aprili 2017 ilianza kutumika kanuni ya serikali ya jimbo hilo ya "kuondoa itikadi kali". Ndani yake, ndevu zinazoitwa si za kawaida ni kosa. Kujifunika uso ni kosa. Watu wakaanza kupelekwa kwenye kambi ambazo serikali iliziita vituo vya mafunzo ya kazi. Tarehe 31 Agosti 2022, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti yake, ikasema kuwashikilia Wauyghur na Waislamu wengine kiholela na kwa halaiki namna ile kunaweza kuwa uhalifu dhidi ya binadamu. Na kuhusu pamba, Desemba 2020 mtafiti Adrian Zenz, akitumia nyaraka za serikali yenyewe ya China, alikadiria kwamba zaidi ya watu nusu milioni walihamasishwa kwenda kuchuma pamba kupitia mpango wa serikali ambao si rahisi mtu kuukataa. China inakanusha. Inasema huo ni mpango wa kupambana na ugaidi na umaskini, na kwamba watu wanafanya kazi kwa hiari yao.

Sasa sikiliza kampuni zilifanya nini, maana hapa ndipo biashara inapoingia.

Oktoba 2020, shirika la kimataifa la pamba, Better Cotton Initiative, lilisimamisha kazi yake Xinjiang. Chapa kadhaa za Magharibi zikatoa taarifa za wasiwasi. Machi 2021 moto ukawaka ndani ya China: watu wakaitwa wasusie H&M na Nike, waigizaji maarufu wakavunja mikataba, H&M ikafutwa kwenye maduka ya mtandaoni. Katikati ya moto huo Anta ilitangaza kwamba inajitoa kwenye shirika lile na kwamba itaendelea kununua na kutumia pamba ya Xinjiang. Haikusema tutachunguza, wala haikusema tutauliza. Ilisema tutaendelea, na hisa zake na za Li-Ning zikapanda. Pamba ile ikageuzwa bendera ya uzalendo, na bendera ikauza viatu.

Mwaka uliofuata, Machi 2022, mfuko wa akiba ya taifa wa Norway uliiondoa Li-Ning kwenye uwekezaji wake. Sababu waliyoitoa ni kwamba kuna hatari isiyokubalika kwamba kampuni hiyo inachangia ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu Xinjiang. Wanorway hao, wasioswali na wewe, walikaa chini wakasoma makaratasi wakatoa pesa zao. Wewe unaswali nao Wauyghur kuelekea kibla kimoja, na unaagiza jezi kumi na nane.

Najua hapo umekasirika. Nilikwambia. Bado usiondoke, maana sasa narudi nyumbani.

Toka Bura nenda kusini mpaka Hola. Si mbali, unapajua. Tarehe 3 Machi 1959, kwenye kambi ya Hola, wafungwa wa Mau Mau walitolewa wakapelekwa kuchimba kwenye skimu ya umwagiliaji. Walikuwa wamekataa kazi ya shokoa. Walisema wao ni wafungwa wa kisiasa, si watumwa. Kulikuwa na mpango ulioandikwa, uliopewa jina la afisa wa magereza aitwaye Cowan, kwamba wasiotaka kufanya kazi watalazimishwa. Walilazimishwa kwa marungu. Watu 11 walikufa.

Unajua serikali ya mkoloni ilitangaza nini? Ilitangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Maji! Kwenye jua la Hola, eti mtu amekufa kwa kunywa maji. Na kambi zile hazikuitwa kambi za mateso. Lugha ya serikali ilikuwa "kurekebisha tabia". Ati watu wale walikuwa na ugonjwa akilini, na dawa yake ni jembe.

Linganisha maneno. Kule wanaita mafunzo ya kazi, hapa waliita kurekebisha tabia. Kule wanasema wanaondoa itikadi kali, hapa walisema wanaondoa kiapo. Kule serikali inasema kila mtu ana furaha, hapa serikali ilisema ni maji. Mimi sisemi mambo haya mawili ni sawa kwa kila kipimo, wala sijaenda Xinjiang. Nasema hivi: mtoto wa Tana River akisikia serikali inasema imewafungia watu kwa faida yao na kuwapa kazi shambani, yeye awe wa kwanza duniani kutega sikio. Sisi tumeshasikia wimbo huo. Ulipigwa hapa kwetu.

Na wale wa Hola hawakuwa Waislamu. Wengi walikuwa Wakikuyu waliotolewa mbali kwao. Iliwachukua Waingereza mpaka 2013 kusema wanasikitika, na kukubali kuwalipa waathiriwa zaidi ya 5,000 wa kambi zile. Miaka 54. Ukweli ulifika kwa sababu wapo waliokataa kunyamaza, hata wabunge wachache wa London kwenyewe, waliosimama wakaihoji serikali yao kuhusu watu wasiowajua. Wangesema "hayatuhusu", leo ile hadithi ya maji ingekuwa ndiyo historia.

Haya, tujibu maneno yenu, maana nayasikia kila siku.

La kwanza: "Hizi ni propaganda za Marekani. Hao hao wanaotoa mabomu kwa Israel, leo wanalia juu ya Waislamu wa China?"

Ndugu yangu, umesema kweli nusu. Marekani inatumia jina la Wauyghur kwenye vita vyake vya biashara, na hilo halifichiki. Lakini mwizi akikwambia nyumba ya jirani inaungua, utakataa kuzima moto kwa sababu aliyesema ni mwizi? Tazama moshi wewe mwenyewe. Na kama hutaki Mmarekani, basi msikilize jirani yetu. Oktoba 2022, kwenye Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, ilipigwa kura kuhusu kufanya mjadala tu juu ya ile ripoti. Mjadala, si vikwazo. Waliokubali walikuwa 17, waliokataa 19, waliokaa kando 11. Pakistan ilikataa. Indonesia ilikataa. Qatar na Falme za Kiarabu zilikataa. Somalia ikasema ndiyo. Somalia hii hii yenye shida zake zote, ambako wengi wenu mna wajomba na binamu. Nchi zenye mafuta na minara mirefu zilipiga hesabu ya biashara. Somalia ilipiga kura.

La pili: "Na hao Nike na Adidas ni watakatifu?"

Hapana. Machi 2020 taasisi moja ya utafiti ya Australia ilitaja chapa zaidi ya 80 zinazohusishwa na viwanda vinavyotumia wafanyakazi wa Kiuyghur waliohamishwa kutoka kwao, na Nike, Adidas na Puma zote zilikuwemo. Sikutumi urudi kwa Mzungu. Nakwambia uwe na mizani moja. Kuna sura nzima ndani ya Qur'ani, ya 83, iliyopewa jina la wanaopunja vipimo, na kupunja si kwa mchele na sukari peke yake. Ukipima damu ya Gaza kwa kilo, halafu ukapima jasho la Kashgar kwa vijiko, wewe ni mfanyabiashara wa dhuluma tu, umechagua wateja wako. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

La tatu: "Mimi navaa mitumba na kopi za Kamukunji. Hiyo orijino nitaiona wapi?"

Ni kweli. Wengi wetu hatujawahi kushika raba ya Anta iliyotoka kwenye boksi lake, na kaptula yako ya mtumba si ya kukukosesha usingizi. Lakini angalia mambo yanavyokwenda. Tangu Juni 2022 sheria ya Marekani inasema bidhaa yoyote yenye kitu cha Xinjiang inahesabiwa imetokana na kazi ya shokoa mpaka mwenye mali athibitishe vingine. Ulaya nayo imepitisha sheria yake 2024 ya kuzuia bidhaa za kazi ya lazima, na itaanza kutumika Desemba 2027. Sasa jiulize: mlango huu ukifungwa na ule ukifungwa, mzigo unageukia wapi? Unageukia kwa yule asiyeuliza. Unageukia bandari ya Mombasa, unapanda lori, unashuka Garissa, unafika Bura kwenye gunia kwa bei ambayo mama yako atasema "alhamdulillah, nafuu". Soko letu litakuwa jaa la kile ambacho wenzetu wamekataa kukivaa. Na wewe utaambiwa umependelewa.

Sisi tumeshaletewa vya nafuu bila kuuliza. Miaka ya 1980 mathenge ulipandwa kwenye skimu ya Bura ili tupate kuni na kivuli. Nani aliuliza mti huu utafanya nini baada ya miaka thelathini? Leo tazama mifereji, tazama malisho, tazama meno ya mbuzi. Swali halina gharama unapoliuliza mwanzo. Ukiliuliza mwisho, gharama yake ni panga na jasho.

La nne: "Lakini Mchina ni rafiki wa Mwafrika."

Tusichanganye mtu na kampuni. Aprili 2024, mbio za nusu marathoni za Beijing, Wakenya wawili na Muethiopia mmoja walipunguza mwendo karibu na utepe, mmoja wao akionekana kumpungia mkono mkimbiaji wa China apite ashinde. Mmoja wa Wakenya aliiambia BBC kwamba walikuwa wameajiriwa kumwekea mwendo. Mshindi alikuwa wa Xtep, na Xtep ndiyo iliyokuwa mshirika wa mbio zile. Uchunguzi ulifanywa, wote wanne wakanyang'anywa medali na zawadi, Xtep ikaondolewa kwenye mbio hizo. Nani aliyepiga kelele kwanza? Mashabiki Wachina wenyewe. Walitazama video wakasema huu si ushindi. Basi usije ukaniwekea hapa matusi ya kikabila juu ya Wachina. Mchina wa kawaida ana haya yake na ana macho yake.

Na China si ngeni kwa Uislamu. Hapo hapo karibu na Jinjiang, kwenye mji wa Quanzhou, kuna msikiti wa Qingjing uliojengwa mwaka 1009. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alifika mji huo na kuuita Zaitun. Karne hizo Muislamu alikuwa anaswali Fujian akifanya biashara bila kuulizwa urefu wa ndevu. Kwa hiyo tukisema Wauyghur waachiwe dini yao, hatuombi China igeuke kitu ambacho haijawahi kuwa.

Sasa tufanye nini? Maana kupiga kelele mtandaoni halafu kulala ni rahisi, na nyinyi mnanijua sipendi.

Kwanza, nahodha wa timu, wewe ndiye mnunuzi mkubwa hapa. Jezi moja haina uzito, lakini oda ya timu nane za mashindano ina uzito. Mwenye duka akikuletea katalogi, muulize maneno matano tu: pamba ya hii inatoka wapi? Atacheka. Wa pili akimuuliza, atakuna kichwa. Wa kumi akimuuliza, atampigia simu anayemuuzia. Na ukiweza, chagua fundi wa hapa hapa akushonee, kwa kitambaa ambacho anaweza kukwambia kilikotoka.

Pili, msimu wa siasa ukifika na mheshimiwa akaja na kombe lake na mabunda ya jezi, usipokee kama mtoto anayepewa peremende. Muulize swali lile lile mbele ya watu, kwa adabu. Akishindwa kujibu, mwambie tunaweza kucheza na fulana zetu.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Kenya imekaa kwenye lile Baraza la Haki za Binadamu tangu Januari 2025, mpaka mwisho wa 2027. Siku jambo hili likirudi mezani, kura ya Kenya ni kura yako. Kifungu cha 30 cha Katiba yetu kinakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa. Mwandikie mbunge wako wa Bura, wa Galole, wa Garsen: mnasimama wapi? Na kwa nini bidhaa ya shokoa izuiwe kuingia Marekani, halafu iingie Mombasa ikipigiwa saluti? Tunataka sheria yetu, ya Kenya, inayopima kila mtu: Mchina, Mmarekani, Myahudi, Muhindi, na bwana shamba wa hapa hapa nyumbani.

Nne, na mwisho, hili ni la kwetu kabisa. Bura ilijengwa kwa ajili ya pamba. Mwaka 1977 Benki ya Dunia ilikubali kugharamia mradi huu, ukapangwa hekta 6,700. Ikafikiwa hekta kama 2,500. Familia zikaletwa kutoka kila pembe ya Kenya miaka ya 1980, na muongo ulipokwisha pampu na maji vilikuwa vimeshindwa, na pamba nayo ikaanguka. Lakini muulize mzee yeyote wa vijiji vya skimu, atakuonyesha kwa vidole jinsi ganda kavu la pamba linavyochana ncha ya kidole, na jinsi mgongo unavyolia ukiinama tangu alfajiri. Atakwambia pia kwamba jua likizama alikuwa anarudi kwake, anaswali au anasali apendavyo, anakula na watoto wake. Tofauti ya mkulima na mtumwa ni hiyo, na ni kubwa kuliko bei ya jezi.

Kama Anta na Li-Ning wanataka soko la Afrika, karibu. Waje. Ardhi hii hapa, mto huu hapa, watu hawa hapa wanaoijua pamba tangu kwa baba zao. Wanunue pamba ya mkulima huru, kwa bei iliyoandikwa, na waseme wazi kwenye lebo imetoka wapi. Hapo nitavaa mimi wa kwanza, na nitapiga picha niiweke hapa.

Mpaka siku hiyo, ule wembe wa 2023 usiutupe. Hukumbandua paka kwa sababu ya rangi yake wala lugha ya tajiri wake. Ulimbandua kwa sababu ya dhuluma. Basi dhuluma ikibadilisha nembo, nawe uitambue.

Timu yako inaagiza jezi kutoka wapi msimu huu? Niandikie hapo chini. Na ukimuuliza mwenye duka lile swali la maneno matano, nipe na jibu lake.